Nyaya Mbili Chini ya Nzou

Jumamosi, Julai. Machakos. Baridi ya kukunja vidole.

Ukungu wa vilima vya Iveti haujapanda tangu juzi. Nguo nilizofua Alhamisi bado ziko kwenye kamba, mbichi vilevile, na nimeacha hata kuzigusa. Naandika nikiwa na koti, na chai imepoa kabla sijaimaliza.

Sijaandika hapa mtandaoni kwa wiki saba. Nyinyi mnaonifuata kwa ajili ya pikipiki mmeuliza kama nimeuza Nzou, kama naugua, kama nimeolewa. Hapana, hapana, na wewe wa tatu, shika adabu yako.

Leo nimeletewa mbuzi.

Kwa wageni: mimi ni fundi wa vyerehani hapa mjini, mama wa binti mmoja, Mumo, ambaye yuko chuoni. Nzou ni pikipiki yangu. Ni ile aina kubwa ya safari ndefu, ina masanduku mawili ubavuni na kioo cha upepo mbele, na umri wake unamzidi Mumo. Niliinunua kwa mzee Mjerumani aliyekuja nayo kutoka kwao hadi hapa, magoti yakamkatalia kuendelea. Nzou kwa Kikamba ni ndovu. Ukiiona utajua ni kwa nini.

Sasa mbuzi.

Saa tatu asubuhi nilisikia hodi langoni. Ni Kalondu, mke wa ndugu yangu Mutua, ametoka Mwala na ile pikapu inayoleta mboga sokoni. Mkono mmoja mkoba, mkono wa pili kamba, na mwisho wa kamba mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja jeusi. Namjua huyo mbuzi. Ni Mutua aliyemtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na hajawahi kukubali kumuuza.

"Mama Mumo," Kalondu akasema, hata hajakaa, "Mutua amenituma. Anasema hii ni ya pikipiki yako. Alikuharibia kitu unapenda, na hawezi kuja mwenyewe, unajua vile ako. Umsamehe."

Vile ako ni kwamba hana mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti.

Na mtu aliyepaswa kubeba mbuzi ni mimi. Hakuna anayejua. Wewe unayesoma utajua sasa.

Mwaka jana mwezi wa kumi Nzou ilianza tabia. Ukiiwasha inawaka vizuri kabisa, inanguruma. Ukikunja stendi, ukashika klachi na kutia gia ya kwanza, pu, inazima. Toa gia, inawaka. Tia gia, inazima. Nilishuku kila kitu. Nilifungua kabureta nikaiosha mpaka ikang'aa. Nikabadilisha plagi. Nikalaumu mafuta, nikamlaumu aliyeniuzia mafuta, nikalaumu betri ambayo ilikuwa mpya. Wiki tatu. Kitabu cha Nzou kimeandikwa Kijerumani na sijui neno hata moja, lakini mchoro wa nyaya ni mchoro tu. Jioni moja nikaufuata kwa kidole, waya baada ya waya, hadi nikafika kwenye kitu kidogo kama kifungo cha koti, chini kabisa, kwenye mzizi wa stendi ya pembeni.

Ni swichi. Kazi yake ni moja tu. Ukitia gia na stendi ikiwa chini, inazima injini, ili usiondoke hivyo. Ilikuwa imejaa vumbi la murram ya barabarani na matope ya miaka yote hiyo, kwa hivyo ilidhani stendi iko chini kila wakati. Nikaisafisha. Ikafanya kazi siku mbili, ikarudi palepale.

Nikampelekea Kilonzo, fundi wa boda boda aliye jirani na kibanda changu. Akacheka mpaka akaketi chini. "Mama Mumo, wiki tatu kwa hiyo? Hizo ni vitu za wazungu wanaosahau. Sisi pikipiki zetu hazina na tunaendesha. Kata, funga waya, enda nyumbani."

Swichi mpya ilikuwa ya kuagizwa ng'ambo na kungojwa. Mimi sikutaka kungoja. Nikakata nyaya mbili, nikazisokota pamoja, nikazungushia tepu nyeusi. Nikajiambia ni kwa muda.

Halafu nikaja hapa nikajisifu. Mnakumbuka lile andiko, "Nimeiponya Nzou kwa Nyaya Mbili", lenye picha yangu nikiwa nimeshika koleo kama kombe. Hakuna andiko langu lililosomwa kama lile. Watu wakasema huyu mama ni moto. Wengine wakaandika kwamba wamefanya hivyohivyo na zao zimepona.

Nawe shajara, nikuambie kitu cha aibu. Kila wiki naletewa cherehani ya umeme ambayo mshonaji ameiondolea kile chuma kidogo cha kukinga kidole, eti kinamchelewesha. Nawagombeza wale kina mama mpaka wanainamisha vichwa. Nawaambia aliyekiweka pale hakuwa mjinga. Nami nikimaliza kugomba nilikuwa nafunga kibanda, napanda Nzou, naenda nyumbani.

Mwisho wa Mei, Mutua alikuja mjini kuchukua dawa. Yeye ni daktari wa mifugo wa vijijini, anazunguka Mwala yote na kipikipiki chake akidunga ng'ombe sindano na kuzalisha mbuzi. Hapa mjini mnyororo ukamkatikia. Wakati huohuo akapigiwa simu: kuna ng'ombe kule kwao, ndama amekwama tangu alfajiri, mwenyewe analia kwenye simu. Akaja mbio kibandani. "Sista, nipe Nzou. Nitairudisha kesho nimeiosha."

Nikampa ufunguo. Nikamwonyesha koki ya mafuta na upande wa akiba. Nikamwambia breki ya nyuma ni laini, aibonyeze mapema. Nikamwambia choki asiirudishe haraka, kuna baridi. Nikamfunga hata kamba ya helmeti kidevuni kama anaenda shule, naye ana watoto watatu.

Ya stendi sikumwambia. Si kwamba niliogopa, au niliona haya. Sikukumbuka. Miezi saba nilikuwa nimekunja ile stendi kwa mazoea, na zile nyaya zilikuwa zimenitoka akilini kabisa.

Yeye alikuwa anakumbuka ya zamani. Siku niliyoileta Nzou nyumbani nilimwita aje aone, nikaringa mbele yake: "Hii ina akili, Mutua. Ukisahau stendi inajizima yenyewe." Akajaribu mara tatu, mtu mzima, anatia gia inazima, anatia gia inazima, anacheka.

Huku kwetu barabarani kuna jambo moja ambalo hakuna polisi anayelisimamia. Ukiona mtu anaondoka na stendi chini, unapiga kelele. Humjui, hakujui, unapiga kelele: "Stendi! Stendi!" Mama wa nyanya atapiga, mtoto wa shule atapiga, hata mlevi aliyelala kwenye veranda atainua kichwa apige. Mwenye pikipiki anaikunja kwa kisigino na anaenda zake. Ni watu wangapi wazima leo kwa sababu ya kelele hizo, Mungu ndiye anajua.

Mutua alisimama kwenye soko dogo la njiani kununua kamba na sabuni, vya kuvutia ndama. Akaweka stendi. Akarudi mbio, akawasha, akatia gia, Nzou ikaondoka. Watu wakapiga kelele. Lakini Nzou hupigiwa kelele kila mahali. Watoto huikimbilia, vijana wa steji hushangilia, wazee huinua fimbo. Na ndani ya ile helmeti, na ule mngurumo, yote ni kelele moja tu.

Aliniambia mwenyewe hospitalini, siku ya pili, midomo imekauka: "Walikuwa wanapiga kelele, sista. Mimi nikawapungia mkono."

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Akalala nayo, stendi ikachimba lami, Nzou ikainuka na kumwangukia mguuni, ikamburuta. Wale wale waliopiga kelele ndio walioinyanyua, watu saba. Wiki mbili madaktari walihangaika na mguu. Kidonda kikaoza. Wakaukata.

Ng'ombe alikufa jioni ileile, na ndama wake ndani.

Kila mtu akajua ni nini kilichotokea. Mutua alisahau stendi. Kwa boda boda za hapa hiyo ndiyo hadithi yote, hakuna swichi ya kuulizia. Mama yetu akasema mwanawe ana haraka tangu utotoni. Kanisani kwao wakamwombea, na wakaombea wote wanaoendesha bila uangalifu, na mimi nilikuwa pale, kwenye benchi la tatu. Nilisema amina.

Mwanzoni nilijiambia, acha kwanza apone. Halafu nikajiambia, acha kwanza atoke hospitali. Halafu hadithi ilikuwa imeshikana, na kuifumua kulitaka moyo ambao mimi sina. Ndiyo hivyo. Mimi ni mwoga. Nimezoea kuitwa mama moto hapa, sijalizoea hili jina lingine.

Na kila jioni, saa moja, Mutua hunipigia. Hakosi. "Sista, pikipiki imefika wapi? Ile kioo imepatikana? Nisamehe, sista."

Nami humjibu nimekusamehe.

Neno hilo sikulisema mara moja tu likaniponyoka. Nimelisema kila jioni tangu alipoweza kushika simu.

Basi leo asubuhi Kalondu ananinyooshea ile kamba, na yule mbuzi anatafuna majani ya muhogo wangu kama yuko kwake, na nikaona siwezi. Nikamwambia, "Pikapu inarudi saa ngapi? Nitaenda na wewe. Na mbuzi inarudi."

Uso wake ukabadilika. Huku kwetu mbuzi wa kuomba msamaha akirudishwa maana yake ni moja: umekataa. Hutaki undugu tena. Nilijua hivyo, na sikuwa na njia ya kumweleza langoni, kwa sababu kama ningeanza na Kalondu nisingefika kwa Mutua kamwe.

"Pikipiki," akasema polepole. "Kwa sababu ya pikipiki, Mama Mumo?"

Nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu, Kalondu alinipa mgongo njia nzima hadi Mwala, mbuzi akiwa katikati yetu. Ukungu uliishia nyuma yetu na huko chini kulikuwa na jua na vumbi kama kawaida. Nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye mwanzo wake, yenye Mjerumani na kabureta ndani.

Mutua alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki, kile kisiki cha mguu kikiwa juu ya kreti ya soda. Amekonda. Alipoona mbuzi anashushwa alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

"Ni ndogo, sista? Naweza kuongeza."

Woi. Hotuba yote ikapotea. Nilisema kwa pumzi moja, nimesimama, mkoba begani:

"Mutua, Nzou ilikuwa na swichi ya stendi. Iliharibika. Mimi niliikata nikafunga nyaya, halafu siku hiyo nikakupa ufunguo na sikukwambia. Ingekuwa nzima ingezima palepale sokoni. Wewe hukuharibu kitu changu. Mimi ndiye nilikuharibu."

Kuku walipita. Kalondu alikuwa ameshika kamba bado. Mutua aliangalia yule mbuzi, hakuniangalia mimi.

"Kwa hivyo sikuota," akasema.

Sikuelewa.

"Nilikuwa nakumbuka uliniambia inajizima. Nilimwambia Kalondu huko hospitali, nikasema, lakini hiyo pikipiki inajizimanga. Akaniambia ni dawa za maumivu. Nikasema labda. Nikasema labda niligonga kichwa pia, na hakuna mtu anataka kuniambia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Wiki saba, sista, nikidhani akili yangu imeenda na mguu."

Kalondu akaketi chini, pale pale mchangani.

Mimi nilikuwa nimehesabu mguu tu. Kumbe nilikuwa nimemchukulia na kingine, na hicho ningeweza kumrudishia siku yoyote, kwa simu, kwa sentensi moja.

Akauliza, na hakupaza sauti, ingekuwa heri angepaza: "Kila jioni nikikuomba msamaha, ulikuwa unafikiria nini?"

Nikahamisha mkoba bega la pili.

"Enda nyumbani," akasema.

Alichukua magongo, akajinyanyua, akaanza kwenda ndani. Pale mlangoni pa nyumba tuliyokulia kuna kidato cha saruji ambacho sisi wote tumekikanyaga tangu utotoni bila kukiona. Alikipanda kwa shida. Mimi na Kalondu tulisogea pamoja tumshike. "Wacheni," akasema, kwetu sote wawili, na Kalondu akarudi nyuma kana kwamba amepigwa, maana yeye pia ndiye aliyemwambia ni dawa.

Nililia kidogo, kando ya zizi. Nasema ukweli, nililia pia kwa kujionea huruma.

Kalondu alipokuja, alikuwa amemfungua mbuzi. Alinipa kamba peke yake. Kamba ya manila, bado mpya mpya.

"Ni ile alinunua siku hiyo," akasema. "Mbuzi inabaki. Wewe utarudi na hii, na isiwe tupu."

Nikaondoka kwa miguu hadi stejini, nikachukua boda boda. Kijana alikuwa na simu sikioni, akawasha, akang'oa nanga. Mwanamke mmoja anayeuza machungwa, hata hakuinua macho kutoka kwenye ndoo yake, akaita, "Stendi!" Kijana akaikunja kwa kisigino, akaendelea na simu yake. Ilikuwa kazi ya nukta moja. Sijui kama alisema asante.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Nimeenda moja kwa moja kwa Nzou, iko chini ya turubai tangu ilipoletwa, kioo kimevunjika, sanduku la kushoto limebondeka. Nikalala chini kwenye saruji baridi na kisu, nikakata ile tepu. Nilitarajia kutu, au uozo, kitu cha kulaumu. Nyaya zilikuwa safi kabisa. Nilikuwa nimezifunga vizuri mno.

Nimezitenganisha. Sasa haitaenda popote, na ikae hivyo mpaka swichi mpya ije, hata kama ni mwaka.

Lile andiko sijalifuta. Nilitaka, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini wale waliolisoma hawatajua kwamba limefutwa. Kwa hiyo nimeliacha, na juu yake, kwa herufi kubwa kabisa, nimeandika jina la ndugu yangu na mguu wake. Kama wewe ni mmoja wa wale mlioniambia mmefanya kama mimi, toka nje sasa hivi na tochi, ukazifungue hizo nyaya. Usiniandikie kwamba wewe hukunja stendi kila mara. Mimi pia hukunja kila mara. Sikuanguka mimi.

Kesho ni Jumapili. Nitaenda kanisani kwao, si kwangu. Wakati wa matangazo nitaomba nafasi, na nitasema mbele ya wale waliomwombea Mutua asamehewe uzembe wake kwamba walikosea mtu. Mama atakuwa pale. Nimemwandikia Mumo pia, asije akasikia kwa wengine.

Siku ya mnada wa mifugo nitaenda kununua mbuzi. Kamba iko hapa mezani, kando ya chai baridi. Nimeitazama sana, nikijiuliza mtu huleta nini kwa mguu, na kwa zile wiki saba huleta nini.

Saa moja imepita. Ni saa mbili kasorobo. Wiki zote hizi nimeichukia simu ya Mutua ikilia, nikaiombea isilie.

Nimeangalia mara tano. Ina chaji, ina mtandao.

Hajapiga.